Mtaalamu wa Vijidudu Anavyopatikana, na Kazi Inayomngoja Kariakoo

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mwezi wa Oktoba mwaka 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, wanafunzi wachache wa sheria walianza masomo katika jengo la TANU, barabara ya Lumumba, mjini Dar es Salaam. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutoka jengo lile hadi Soko Kuu la Kariakoo ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mwaka 1964 Chuo kilihamia Mlimani, na tangu hapo umbali baina ya darasa na soko umeongezeka, si kwa kilomita tu, bali pia kwa lugha na kwa mazoea. Msomi hupita Kariakoo kununua nyanya. Mwenye nyanya hapiti Mlimani kuuliza kwa nini nyanya zake zimeoza.

Mazungumzo haya yanahusu namna ya kupunguza umbali huo. Yamechagua aina moja tu ya mtaalamu, naye ni mtaalamu wa vijidudu vya mazingira, tena yule aliye mwanzoni mwa kazi yake. Yapo majumba ya wanachama ambayo kijana wao amesomea elimu hiyo, na wazazi hawajui waseme nini wanapoulizwa kijana anafanya kazi gani. Hawezi kuitwa daktari wa watu, wala bwana shamba, wala mhandisi. Basi yafaa ielezwe amejifunza nini, amefundisha nini, na chama cha ushirika kina haki ya kumwomba nini.

ELIMU YENYEWE NI IPI

Vijidudu ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Watu wengi huvijua kwa ubaya wake, kwa sababu kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu huletwa navyo. Lakini vijidudu hivyo hivyo, kwa jamii zake nyingine, ndivyo vinavyochachusha togwa, vinavyogandisha maziwa, vinavyogeuza majani kuwa mboji, na vinavyosafisha maji machafu yaliyotulia bwawani. Anayevisoma vile vinavyoishi katika udongo, maji, matope na taka ndiye anayeitwa mtaalamu wa vijidudu vya mazingira.

Elimu hii si ngeni mjini Dar es Salaam. Robert Koch, bingwa wa Kijerumani ambaye mwaka 1884 alithibitisha kijidudu kinacholeta kipindupindu, alifanya kazi katika mji huu mwaka 1897 na 1898, akichunguza malaria na maradhi mengine. Na ikiwa yuko mwanachama adhaniaye kwamba sayansi hutoka vitabuni peke yake, basi akumbuke jambo hili. Katika maabara ya Koch wataalamu walihangaika kupata kitu kigumu cha kuoteshea vijidudu, kwa kuwa jelatini waliyoitumia iliyeyuka kwenye joto. Aliyewaokoa alikuwa Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi, aliyekuwa akitumia agari, kitu kitokanacho na mwani, kugandishia vyakula vyake jikoni. Hadi leo kila maabara ya vijidudu ulimwenguni hutumia agari. Jiko lilitoa jibu ambalo maabara haikuwa nalo. Soko nalo laweza kufanya vivyo hivyo.

NJIA ANAYOPITA KIJANA

Kijana huanza na baiolojia na kemia katika shule ya sekondari. Akifika Chuo Kikuu husoma shahada ya kwanza kwa miaka mitatu, na humo hufunzwa kuchemsha vyombo hadi visiwe na kiumbe hai, kuotesha vijidudu katika visahani, kuvihesabu, kuvitenga kimoja kimoja na kuvitambua. Shahada ya pili humtaka achunguze jambo moja na kuliandikia tasnifu. Shahada ya udaktari humtaka ajue jambo ambalo halijapata kujulikana na mtu mwingine. Kwa miaka mingi vijana wa Tanzania wamesoma shahada hiyo ya tatu kwa mpango wa kugawanya muda: sampuli huchukuliwa nyumbani, na sehemu ya kazi ya maabara hufanyika katika vyuo vya ng'ambo, kama vile Nijmegen nchini Uholanzi na Lund nchini Sweden.

Wakati huo huo kijana hufundisha. Kazi hii haitajwi sana, lakini ndiyo inayokula siku zake. Mhadhiri msaidizi huwasimamia wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika mazoezi ya maabara; huandaa vyakula vya kuoteshea vijidudu; husahihisha madaftari; huwaonya wasile wala kunywa humo. Mtu aliyekwisha kuwafundisha vijana mia moja kuchukua sampuli ya maji bila kuichafua hashindwi kumfundisha katibu mmoja wa chama. Kwa hiyo, chama kinapotazama sifa za mtaalamu kijana, kisitazame vyeti vya utafiti peke yake. Kiulize pia: amefundisha nini, na amewafundisha nani?

MFANO WA KWANZA: MATOPE YA MTONI

Upande wa kusini wa jiji, si mbali na Kariakoo, iko mikoko ya Mtoni. Apitaye karibu nayo maji yakipwa husikia harufu ya yai bovu. Katika matope hayo Thomas Lyimo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akishirikiana na wataalamu wa Nijmegen, alitenga kijidudu ambacho hakikuwa kimeelezwa na mtu yeyote kabla yake. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2000. Kijidudu hicho kina upana wa kama sehemu moja au mbili za elfu ya milimita, na kazi yake ni kutengeneza gesi ya methani, yaani gesi ile ile iwakayo katika jiko la biogesi.

Jambo la kuzingatia ni jinsi kinavyoishi. Katika matope ya bahari wamo vijidudu wengine wanaotumia chumvi za salfa, na hao huwashinda watengenezaji wa methani katika kugombania haidrojeni na asidi ya siki, ambazo ndizo chakula cha wengi. Kijidudu cha Mtoni hakigombanii vyakula hivyo. Kinatumia vitu ambavyo washindani wake hawavitegemei sana, kama vile methanoli, methilamini, na daimethili salfaidi, ambayo ni kiowevu chenye salfa na harufu kali. Kwa sababu hiyo kinaweza kuendelea kutoa gesi mahali ambapo wengi wangedhani haiwezekani.

Kijidudu hicho kiliitwa Methanosarcina semesiae, kwa heshima ya Profesa Adelaida Semesi, Mtanzania aliyejulikana kwa utafiti wake wa mikoko, ambaye alifariki mwaka 2001. Ndivyo jina la mwanamke wa Kitanzania lilivyoingia katika orodha ya viumbe vya dunia, kwa njia ya matope ambayo wapita njia huziba pua wakiyapita.

Lakini taarifa hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida la wataalamu. Hapa ndipo lilipo tatizo ambalo vyama havina budi kulitazama. Elimu iliyochotwa Mtoni ilikwenda Uholanzi, ikarudi Mlimani, ikakaa maktabani. Mtafiti hana lawama katika hili, maana mtafiti kijana hupimwa kwa makala ya namna hiyo, na asipoyaandika hapandi cheo. Basi, asipotokea mtu wa kuomba maelezo kwa Kiswahili, maelezo hayo hayatakuja yenyewe.

MFANO WA PILI: MKONGE NA SAMAKI

Mfano wa pili unawagusa wakulima zaidi. Jani bichi la mkonge hutoa singa ambazo uzito wake si zaidi ya sehemu 5 katika 100 za jani zima. Zinazobaki ni maji na makapi, ambayo kwa miaka mingi yalitupwa, yakaoza na kuchafua mito. Profesa Amelia Kivaisi na Mugassa Rubindamayugi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichunguza mabaki ya mazao ya namna hiyo, na mwaka 1996 walichapa makala juu ya uwezo wake wa kutoa biogesi na umeme nchini Tanzania.

Baadaye mtafiti kijana, Anthony Mshandete, akiwa pamoja nao na mtaalamu wa Lund, alijaribu kuchanganya makapi ya mkonge na mabaki ya samaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Mchanganyiko wa theluthi moja ya mabaki ya samaki na theluthi mbili za makapi ya mkonge ulitoa methani zaidi, kwa sehemu kati ya 59 na 94 katika 100, kuliko taka hizo zilipochachushwa kila moja peke yake. Sababu inaeleweka. Mkonge una kaboni nyingi na nitrojeni kidogo. Samaki ana nitrojeni nyingi. Vijidudu, kama ng'ombe wa maziwa, huhitaji chakula chenye uwiano. Mwaka 2008 mtambo wa kutengeneza biogesi kwa makapi ya mkonge ulianza kazi huko Hale, mkoani Tanga, katika shamba la kampuni ya Katani.

Hapa wanachama wameona safari nzima: swali la shambani, chupa za maabara, makala, na mwishowe mtambo. Safari hiyo ilichukua miaka zaidi ya kumi. Asiyekuwa na subira na asiitishe utafiti.

KAZI INAYONGOJA KARIAKOO

Sasa turejee sokoni. Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania, lilifunguliwa mwaka 1975. Mapaa yake ya zege yana umbo la miavuli iliyogeuzwa. Jina la mtaa latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi yao mahali hapo. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua, na ujenzi mpya ukafuata. Lakini kabla ya moto na baada yake, kitu kimoja hakikubadilika: mazao ya wakulima huingia Kariakoo yakiwa chakula, na sehemu yake hutoka yakiwa taka.

Majani ya kabichi, mikungu ya ndizi, maganda ya mananasi, nyanya zilizopondeka njiani, makapi ya miwa: vyote hivyo vilikuwa jasho la mwanachama. Vikichanganywa na mifuko ya plastiki na vigae vya chupa huwa taka isiyofaa kwa lolote. Hupakiwa katika magari na kupelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Gharama ya safari hiyo humrudia mkulima na mnunuzi kwa njia ya ushuru na bei. Dampo nalo hufanya kazi ile ile ya matope ya Mtoni: taka iliyofukiwa bila hewa hutoa methani, na methani hiyo hupotea angani, ambako huongeza joto la dunia kwa nguvu inayopita ile ya hewa ya ukaa zaidi ya mara 25 katika kipindi cha miaka 100.

Wakazi wa jiji walikwisha kulipigania jambo hili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kupinga dampo lililokuwa karibu na nyumba zao, kwa sababu ya moshi, harufu na nzi, nao wakashinda. Halmashauri ya Jiji iliomba kuongezewa muda, na mwaka 1991 mahakama ilikataa kuongeza zaidi. Dampo likahamishwa. Lakini taka haziishi kwa kuhamishwa. Zinamfikia jirani mwingine.

Mwaka 1993 uliidhinishwa mradi uliojulikana kwa jina la Takagas, uliokusudia kutengeneza gesi, umeme na mbolea kwa taka za Dar es Salaam. Fedha za kimataifa zilitengwa na uchunguzi ukafanyika. Hata hivyo mtambo haukujengwa. Mwanachama anayesikia habari hii asikate tamaa, bali ajiulize mtambo wa namna ile ungehitaji nini. Ungehitaji elimu ya vijidudu, ambayo ilikuwapo. Ungehitaji pia taka zilizotengwa tangu mezani pa muuzaji, zenye uzito unaojulikana, zinazofika kila siku bila kukosa. Mambo haya matatu hayatengenezwi maabara. Hutengenezwa na watu waliojipanga, wenye katibu, daftari na mizani. Yaani hutengenezwa na chama cha ushirika.

Tena liko jambo la afya. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingine, na kufikia Aprili 2016 zaidi ya watu 20,000 walikuwa wameugua nchini. Ugonjwa unapozuka jijini, wa kwanza kuzuiwa kufanya biashara ni mama lishe na wauzaji wa matunda yaliyokatwa. Aliyepeleka matunda mjini naye hupata hasara bila kuugua. Maji ya kuoshea mchicha na matunda ni mali ya biashara kama ulivyo mchicha wenyewe.

YALE AMBAYO CHAMA KINAWEZA KUFANYA

Kwanza, kutenga taka. Kila meza iwe na vyombo viwili: kimoja cha vitu vinavyooza, kingine cha plastiki na vigae. Pasipo hili hakuna mtaalamu awezaye kusaidia.

Pili, kupima na kuandika. Kwa wiki mbili mfululizo chama kipime taka zinazooza kila jioni na kuandika tarehe, kilo na aina. Daftari la namna hiyo lina thamani kubwa kwa mtafiti kijana, maana humwokolea muda na fedha. Pia humzuia mfanyabiashara mjanja asiuze mtambo mkubwa kwa soko lenye taka kidogo.

Tatu, kupima maji. Chupa iwe imechemshwa na kufungwa na maabara. Mfuniko usiguswe kwa ndani. Maji yasijazwe hadi juu. Chupa iandikwe mahali, tarehe na saa. Iwekwe katika barafu na kufikishwa maabara ndani ya saa 6. Kipimo cha maji ya kunywa kinajulikana: katika mililita 100 kisipatikane hata kijidudu kimoja cha aina ya Escherichia coli, ambacho ni dalili ya kinyesi.

Nne, kuandika barua yenye swali moja. Chama kisiandike kuomba msaada kwa jumla. Kiandike, kwa mfano: “Taka zetu ni kilo kadhaa kwa siku, nyingi ni za ndizi na kabichi. Je, zafaa mboji au biogesi, nasi twaweza kuzichanganya na nini?” Swali la namna hiyo laweza kuwa tasnifu ya mwanafunzi wa shahada ya pili. Mwanafunzi apate mada, chama kipate jibu.

Tano, kudai jibu kwa Kiswahili. Iwe sharti tangu mwanzo kwamba mtafiti aliyepewa ruhusa ya kuchukua sampuli za chama atarudi kuyaeleza matokeo mbele ya mkutano mkuu, kwa maneno ambayo mwanachama wa mwisho anayaelewa, hata kama matokeo si mazuri. Asiyeweza kueleza kazi yake kwa lugha ya watu waliompa sampuli, bado hajamaliza kazi yake.

Sita, kuwa na tahadhari. Mboji isiyopata joto la kutosha hubaki na viini vya maradhi. Tuta halina budi kufikia nyuzi 55 na kukaa katika joto hilo kwa siku kadhaa, likigeuzwa ili upande wa nje nao uingie ndani. Taka za sokoni zisirudishwe shambani zikiwa mbichi.

Yapo maneno yatakayosemwa na wasiokubali. Watasema kwamba taka ni kazi ya serikali ya jiji, na kwamba fedha za chama ni za pembejeo na malipo ya mazao. Ni kweli kwamba ushuru hulipwa, na haki ya kudai huduma ibaki pale pale. Lakini elimu ni moja ya kanuni za ushirika tangu siku za Rochdale mwaka 1844, na haikuwekwa kwa ajili ya kuandika mihtasari tu. Tena mambo sita yaliyotajwa hayagharimu fedha nyingi. Yanagharimu mpango, na mpango ndio mtaji wa kwanza wa chama chochote.

Yako pia ya kumwambia mtaalamu kijana mwenyewe. Vyeti vyake vilipatikana kwa kodi za watu wengi, na wengi wao hawatakisoma alichokiandika. Hatakiwi kuacha makala yake ya kitaalamu. Ayaandike, maana ndiyo yanayomfanya aaminike. Bali atenge siku chache kwa mwaka ashuke kutoka Mlimani, apite Lumumba pale Chuo kilipozaliwa, aingie Kariakoo si kwa kununua tu, aulize wauzaji nini kinaoza upesi, wakati gani, na kinakwenda wapi. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta ya elimu hiyo imekwisha kutengenezwa kwa miaka mingi. Asali yake haitapatikana mpaka mwenye darubini na mwenye mizani wakutane kwenye meza moja ya sokoni.

Ndugu Makatibu, daftari la wiki mbili laweza kuanza Jumatatu ijayo.